Kuhamisha AC ya gari la zamani kutoka R12 hadi R134a katika joto la Malindi

Gari lililotoka kiwandani kabla ya mwaka 1992 au hapo karibu lilijazwa gesi ya R12. Klorini iliyomo ndani ya gesi hiyo hula tabaka la ozoni, na ndiyo sababu Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuibana, na marekebisho yake ya baadaye yakaipiga marufuku. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwisho wa mwaka 1995, na nchi zinazoendelea, Kenya ikiwamo, zilifungiwa kabisa tarehe 1 Januari 2010. Mwenye Land Cruiser 60, Mercedes W123, Peugeot 504 au Corolla ya miaka ya themanini hana R12 mpya halali ya kununua. Njia iliyobaki ni R134a.

Kuingiza gesi hiyo ni kazi ya nusu saa. Yanayotangulia ndiyo yanayokula siku nzima au mbili, na ndiyo yanayorukwa. Mwenye gari anafika gereji na kusema, "Fundi, nijazie gesi tu, joto limezidi." Fundi anafunga adapta, anajaza 134 juu ya oili ya zamani, AC inapuliza ubaridi kidogo, na miezi mitatu baadaye kompresa inalia kama kinu cha kahawa. Hapo ndipo lilipotoka neno kwamba 134 haibaridishi. Inabaridisha, na hata mwezi wa Februari inabaridisha, mradi mfumo umetayarishwa kwa ajili yake.

Kwa nini Malindi si mahali pa kubahatisha

Upande wa baridi, gesi hizi mbili karibu ni ndugu: kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, R12 inasoma paundi 30 (psi) kwenye geji na R134a inasoma 28. Tofauti iko upande wa joto. Kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, ikifika nyuzi 60, R12 inasoma karibu paundi 207 na R134a 229. Ikifika nyuzi 70, na gari lililosimama juani kwenye foleni ya sokoni hufika, R12 inasoma 258 na R134a 293. Kadiri joto linavyopanda ndivyo pengo linavyopanuka, na mzigo wote huo unabebwa na kondensa, kompresa na mipira. Gari lililohamishwa ovyo linaweza kuendeka vizuri kwenye baridi ya Limuru likashindwa hapa Malindi.

Ongeza na unyevu. Hewa ya pwani imebeba maji mengi, na sehemu kubwa ya nguvu ya AC inatumika kuyageuza mvuke yawe matone kabla hata ya kushusha joto. Usiogope ukiona maji yanatiririka chini ya gari upande wa abiria, ndiyo dalili ya kazi. Ogopa yasipotiririka: mpira wa kutoa maji umeziba na maji yanaingia kwenye zulia.

Na kuna chumvi. Gari linalolala Casuarina au Mambrui, na zaidi lile linalofanya kazi Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, kondensa yake huliwa kutoka mbele. Pitisha ukucha kwenye mapezi yake ya chini. Yakibomoka kama majani makavu, kondensa hiyo haitoi joto tena hata kama haivuji.

Jua kwanza kilichomo ndani

Gari la umri huu limepitia mikono mingi. Usikubali neno la mtu kwamba ndani kuna R12, wala kwamba "lilishabadilishwa". Tazama kibandiko chini ya boneti: kinataja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Tazama midomo ya kujazia: ya R12 ina nyuzi za kukazia kifuniko kama valvu nene ya tairi, na ya R134a ni laini, ya kubana kwa kishikizo, milimita 13 upande wa presha ndogo na milimita 16 upande wa presha kubwa. Mdomo wa R134a kwenye gari la 1986 maana yake mtu alishafunga adapta, haina maana kwamba alibadilisha kitu kingine chochote.

Kisha pima presha gari likiwa limelala usiku kucha, injini baridi. Kwenye nyuzi 30, R134a safi inasoma karibu paundi 97 na R12 inasoma 93. Zimekaribiana mno, huwezi kuzitenganisha kwa geji. Lakini R22, ile ya AC za nyumbani, inasoma karibu 158. Ukiona namba kubwa kama hiyo, ndani kuna gesi isiyofaa gari, au hewa, au mchanganyiko. R12 na R134a zikichanganywa hutoa presha kubwa kuliko kila moja ikiwa peke yake, kwa hiyo "kuongezea" moja juu ya nyingine ni kuitesa kompresa bure.

Gesi ya kupikia iliyowekwa ndani ya AC ni hatari nyingine. Inabaridisha, na ndiyo maana baadhi ya watu wanaitumia, lakini koili ya AC iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Ikitoboka na mtu akawasha sigara, au cheche ikatoka kwenye mota ya feni, moto unaanzia ndani. Ukinusa gesi ya kupikia, usitumie pampu ya kawaida ya umeme kuitoa wala usifanye kazi ndani ya banda.

R12 iliyobaki haipuliziwi hewani. Sheria ya mazingira inakataza, na ozoni inayoharibika ni ya watu wote. Tafuta fundi mwenye mashine ya kunyonya na mtungi wa kuhifadhi. Kama hapa mjini hukumpata, Mombasa wapo. Pia usifungue mfumo karibu na jiko au mashine ya kuchomelea inayowaka, kwa kuwa R12 ikipita kwenye moto hugeuka kuwa hewa ya sumu. Vaa miwani na glavu: gesi hizi zikiwa maji huchemka kwenye nyuzi 26 hadi 30 chini ya sifuri, na tone moja kwenye jicho linatosha kuligandisha.

Vya kununua kabla ya kufungua nati ya kwanza

Ukishafungua mfumo huu katika hewa ya pwani, unyevu unaanza kuingia papo hapo. Kwa hiyo kila kitu kiwe mezani kabla:

- draya (chombo kinachonyonya unyevu wa mfumo) mpya ya R134a, yaani yenye chembe za XH-7 au XH-9. Zile za zamani za XH-5 huharibiwa na gesi mpya na oili yake
- seti ya o-ringi (pete za mpira za kuzibia viungo) za HNBR, mara nyingi rangi ya kijani
- oili ya esta, POE 100, mikebe midogo miwili iliyofungwa
- adapta mbili za midomo ya kujazia
- swichi ya presha kubwa, kama gari halina
- gesi ya R134a, pamoja na mizani inayosoma gramu
- dawa ya kuoshea mabomba ya AC na mtungi wa naitrojeni wenye regyuleta
- kondensa na feni, kwa sababu zitakazoelezwa

Gesi inunue kwa muuzaji anayejulikana. Mtungi wa R134a kwa desturi ni wa samawati hafifu, wa kilo 13.6, lakini rangi hupakwa na yeyote. Mwaka 2011 makontena ya friji ya melini yalilipuka na kuua watu kwa sababu yalijazwa R134a bandia iliyochanganywa na R40, gesi inayoshambulia alumini na kuzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa. Kompresa ya gari lako ni alumini. Pima mtungi wako kama ulivyopima gari: uache kivulini mpaka ushike joto la hewa, funga geji, linganisha. Namba ikiwa mbali na 97 kwenye nyuzi 30, rudisha. Ila namba sahihi si cheti cha usafi, kwa hiyo muuzaji mwenye kutoa risiti ana thamani yake.

Wengine wanauliza kwa nini wasiende moja kwa moja kwenye R1234yf, gesi ya magari mapya ya sasa. Inawaka kwa kiasi, ni ghali mno, na gari la R12 halikuundwa kwa ajili yake. Achana nayo.

Oili ndiyo roho ya kazi

Ndani ya mfumo wa R12 kuna oili ya madini. Oili hiyo haisafiri na R134a, na hapa ndipo kompresa nyingi zinapofia. Gesi ndiyo inayobeba oili kutoka kompresa, kupitia kondensa, mpaka koili, na kuirudisha. Ikishindwa kuibeba, oili inajilaza chini ya koili kama mashapo chini ya mtungi, kompresa inabaki kavu, na wakati huohuo koili iliyojaa oili haibadilishani joto vizuri. Hasara mbili kwa kosa moja.

Fungua kompresa uitoe. Iinamishe juu ya chupa safi yenye alama za mililita, fungua nati ya oili kama inayo, na uzungushe shafti kwa mkono mara kumi au zaidi mpaka matone yaishe. Andika kiasi kilichotoka. Kisha itazame oili yenyewe mbele ya mwanga. Ya rangi ya asali au ya kijani hafifu ni salama. Ya kahawia na yenye harufu kali imeungua, na kuna asidi ndani. Ya kijivu inayometameta kama imetiwa unga wa fedha ni habari mbaya: hiyo ni alumini ya kompresa, na vumbi hilo limeshasambaa mpaka kondensa. Hapo kompresa na kondensa zote mbili zinakwenda, hakuna kuosha kutakakookoa.

Mabomba, mipira na koili vinaoshwa kwa dawa yake, kisha vinapulizwa kwa naitrojeni kavu mpaka kitambaa cheupe kikiwekwa mdomoni kitoke kikavu. Puliza kinyume cha mwendo wa gesi. Ondoa kwanza valvu ya ekspansheni, ile inayopima gesi inayoingia kwenye koili, haioshwi. Draya haioshwi, inatupwa. Kompresa haioshwi kwa dawa, unatia oili mpya kidogo, unazungusha, unamwaga, mara mbili. Petroli, mafuta ya taa na thina visikaribie: mabaki yake huyeyusha mipira na kuchafua oili mpya. Hewa ya kompresa ya gereji nayo hapa pwani ni maji matupu, usiitumie kukausha. Na oksijeni ya kuchomelea isiguse mfumo huu hata mara moja, kwani oksijeni ya presha ikikutana na oili hulipuka.

Oili mpya iwe ya aina gani? Kama kompresa ni ileile ya zamani, tumia esta, kwa sababu inavumilia mabaki ya oili ya madini ambayo hayakosi hata uoshe vipi. Kama kompresa ni mpya na kila kitu kimeoshwa, fuata kilichoandikwa juu yake: Denso nyingi za R134a hutaka ND-OIL 8, ambayo ni PAG (aina nyingine ya oili ya R134a) nyepesi ya 46, na Sanden nyingi hutaka PAG ya 100. PAG na esta usizichanganye. Na PAG hunywa unyevu wa hewa kama chumvi inavyolowa ndani ya kopo lililo wazi msimu wa masika. Fungua mkebe, tia, funga. Uliobaki wazi usiku kucha ni wa kutupwa.

Kiasi ni kile cha mfumo mzima kilichoandikwa na kiwanda, kwa magari madogo mara nyingi kati ya mililita 120 na 200. Kama umeosha kila kitu, rudisha kiasi chote: nusu kwenye kompresa, kingine gawa kati ya koili na draya. Oili nyingi kupita kiasi hupunguza ubaridi, kwa hiyo "ongeza kidogo kwa usalama" si usalama.

Kufunga upya

Kila kiungo ulichokifungua, na hata ambacho hukukifungua, kipate o-ringi mpya. Toa ya zamani uitazame: iliyokuwa duara sasa ni bapa upande mmoja, ngumu kama ukucha. Hiyo ndiyo njia ya uvujaji. Safisha kijito chake kwa kitambaa, si kwa bisibisi, paka o-ringi mpya oili, kaza kwa spana mbili ili bomba la alumini lisijisokote.

Mipira ya zamani haina tabaka la nailoni ndani, na chembe za R134a, zilizo ndogo kuliko za R12, hupenya taratibu. Mpira uliokwisha kulowa oili ya madini kwa miaka hupunguza kupenya huko, kwa hiyo kama ni mzima unaweza kuendelea nao. Ukiwa na nyufa kwenye mikunjo au una jasho la oili penye pete za kubania, peleka ukabanwe mwingine wa aina mpya ukitumia vichwa vilevile vya zamani.

Valvu ya ekspansheni ya R12 mara nyingi hufanya kazi na R134a bila malalamiko. Lakini kama bei inakuruhusu, weka ya R134a, na ukirudisha ya zamani hakikisha kile kijibomba chake cha shaba kimebanwa imara juu ya bomba la kutokea koili na kimefungwa tepe nzito ya lami. Kwenye magari mengi ya umri huu tepe hiyo imeshabanduka, valvu inasoma joto la dashibodi badala ya joto la bomba, nayo inafungua kupita kiasi.

Draya funga mwisho kabisa. Vizibo vyake usivitoe mpaka spana iko mkononi.

Kondensa na feni: usiwe bakhili hapa

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu zaidi ya vya lazima, iende kwenye kondensa. Zile za R12 nyingi ni bomba moja linalopinda kama nyoka kutoka juu hadi chini katikati ya mapezi. Za kisasa zina vipipa viwili pembeni na mirija bapa mingi ikipita sambamba kati yao. Kwa eneo lilelile, hiyo ya pili hutoa joto zaidi sana, na ndiyo inayolipia lile pengo la presha tulilolitaja. Pima nafasi mbele ya rejeta, urefu kwa upana, ununue kubwa kabisa inayoingia. Acha nafasi ya sentimita moja au mbili kati yake na rejeta, na pembeni ziba mianya kwa sifongo ngumu au mpira. Mianya hiyo ikibaki wazi, hewa ya moto ya injini inazunguka kurudi mbele na kupita tena kwenye kondensa gari likiwa limesimama.

Feni ya umeme ya inchi 12 au 14 mbele ya kondensa iwe ya kusukuma hewa kuelekea nyuma. Iwashe na uweke karatasi ya daftari mbele ya grili: ivutwe, ishikamane. Ikipeperuka kuja kwako, waya zimegeuzwa, na feni inapigana na ile ya injini. Ipatie rilei yake na fyuzi ya ampea 20, waya usitoke moja kwa moja kwenye klachi ya kompresa. Ukaguzi huu wa karatasi ni wa sekunde tano na umewahi kuokoa kompresa nzima.

Swichi ya presha kubwa si pambo. Magari mengi ya R12 yana valvu ya kupumulia tu: presha ikizidi, inamwaga gesi nje. Funga swichi inayokata klachi kati ya paundi 390 na 450. Siku feni itakapokufa barabarani kati ya Gede na Malindi, swichi itazima AC na utafika nyumbani na gesi yako.

Kukagua uvujaji, kisha vakyumu

Kabla ya pampu, jaza naitrojeni mpaka paundi 150, funga, subiri saa moja. Paka povu la sabuni ya vyombo kila kiungo, kwenye midomo ya kujazia, na kuzunguka shafti ya kompresa nyuma ya klachi. Vuta subira: uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa, unatoa kitu kama kijiyai cheupe kinachokua taratibu kwa dakika mbili. Usikague uvujaji kwa kuchanganya R134a na hewa ya presha, kwa sababu mchanganyiko huo chini ya presha unaweza kuwaka.

Mwaga naitrojeni, funga pampu ya vakyumu kwenye mistari yote miwili. Shabaha ni kuchemsha maji yaliyomo ndani. Kwenye nyuzi 30 maji huchemka geji ikipita inchi 28.7 za vakyumu, na siku ya Kusi yenye nyuzi 25 lazima ifike 29. Hapa usawa wa bahari geji nzuri inafika karibu na 29.9. Nalisema hili kwa sababu video nyingi ni za mafundi wa Nairobi, ambako kwa mwinuko wa mita 1,700 hivi geji huishia karibu 24.5 hata vakyumu ikiwa kamili. Fundi wa Malindi akiridhika na 25 ameacha maji ndani, na maji hayo yatakuwa asidi, au yatakuwa barafu kwenye valvu.

Acha pampu ifanye kazi saa moja, gari likiwa juani na boneti wazi ili vyuma vipate moto. Badilisha oili ya pampu mara kwa mara, unyevu wetu unaiua haraka. Funga valvu za geji, zima pampu, subiri dakika 30. Sindano isisogee. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, ni unyevu bado unachemka, rudia. Ikipanda bila kukoma, kuna tundu, rudi kwenye sabuni.

Kujaza kwa mizani

Kipimo si kile cha R12. Hesabu yake: chukua gramu za kiwanda, zidisha kwa 0.9, toa 110. Gari lililoandikiwa gramu 900 linapata 810, toa 110, inabaki 700. Lililoandikiwa 1,100 linapata 880. Hapo ndipo pa kuanzia na kwa kawaida ndipo pa kuishia.

Weka mtungi au mkebe wima juu ya mizani, toa hewa kwenye mpira wa kati kwa kulegeza nati kidogo mpaka gesi isikike. Injini ikiwa imezimwa, fungua upande wa presha ndogo. Gramu 200 hivi zitaingia zenyewe kwa nguvu ya vakyumu. Zungusha klachi ya kompresa kwa mkono mara kumi. Sasa washa injini, AC baridi kabisa, feni ya ndani juu kabisa, milango wazi, mzunguko wa injini 1,500, na uendelee kwa upande wa presha ndogo peke yake, kwa mvuke, taratibu. Upande wa presha kubwa usifunguliwe injini ikiwaka: presha itarudi kwenye mkebe na kuupasua mikononi mwako. Mkebe ukiwa baridi na umegoma, usimamishe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia. Moto, kamwe.

Ukifika gramu zako, simama. Usikimbizane na mapovu kwenye kioo cha draya. Kwa R12 kioo safi kilikuwa ishara ya kujaa, kwa R134a mapovu machache yanaweza kubaki hata kipimo kikiwa sahihi, na ukiongeza mpaka yaishe umeshapita. Kama unahisi bado, ongeza gramu 50 mara moja, subiri dakika tano, tazama kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Ubaridi ukiacha kuongezeka huku presha kubwa ikiendelea kupanda, umefika mwisho.

Geji zinasema nini

Siku ya nyuzi 32, injini kwenye 1,500, tarajia paundi 30 hadi 45 upande mdogo na 200 hadi 260 upande mkubwa, na hewa ya nyuzi 8 hadi 12 ikitoka dashibodini. Ukikuta tofauti:

Presha kubwa imepita 300 na ndogo pia iko juu. Kabla ya kutoa gesi, mwagia kondensa maji baridi kwa jagi. Presha ikishuka ghafla na ubaridi ukaja, gesi haina kosa, kondensa au feni ndiyo haitoshi. Isiposhuka sana, umejaza kupita kiasi au kuna hewa ndani. Tumia maji ya mfereji au ya mvua kwa jaribio hili na kwa kuosha kondensa kila wiki. Maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi, utakuwa unaimalizia.

Zote mbili ziko chini: gesi imepungua, tafuta inakovuja. Ndogo iko chini sana, kubwa ya wastani, na ubaridi unakuja na kukatika kila baada ya dakika kadhaa: unyevu unaganda kwenye valvu, unayeyuka, unaganda tena. Hakuna dawa ya kutia, ni draya mpya na vakyumu ya kweli. Ndogo juu na kubwa chini, na kukiongezwa resi hakubadiliki kitu: kompresa imechoka ndani.

Ukisafiri mwendo wa kasi ukiona ubaridi umekatika na hewa inapuliza dhaifu, simama uzime AC dakika kumi. Maji mengi yakimwagika chini, koili ilikuwa imeganda. Upande mdogo ukishuka chini ya paundi 28, koili iko chini ya sifuri. Sogeza thamostati yake kidogo ikate mapema zaidi.

Mwisho wa kazi, bandua au funika kile kibandiko cha zamani na ubandike kipya: R134a, gramu ulizotia, aina ya oili na mililita zake, tarehe. Adapta zibaki juu ya midomo, zimekazwa kwa gundi ya nyuzi, vifuniko vyake juu. Baada ya wiki mbili rudi na kurunzi usiku kukiwa na utulivu, pitisha mwanga kwenye kila kiungo ukitafuta unyevunyevu wa oili wenye vumbi lililoganda, kisha kaza pale tu palipolowa.